Chango, Uchengelele na Kisu cha Nyanya

Nilisomesha baiolojia miaka sita kabla ya kujua pweza anaendea haja wapi.

Naandika hivi kwa haya kidogo, lakini lishatokea. Ilikuwa kidato cha pili, saa nane mchana, joto la Februari ambalo hata feni ikizunguka inakupulizia moto. Nilikuwa nimechora pweza ubaoni: kichwa kama puto juu, mikono minane chini, mdomo katikati ya mikono. Msichana mmoja aliyekaa dirishani akanyosha mkono. "Mwalimu, chakula kinaingilia chini. Sasa kinatokea wapi?" Swali la haki kabisa. Nikachukua chaki, nikavuta mstari ulionyooka kutoka mdomoni mpaka juu ya puto, nikatoboa kitundu pale utosini. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, kengele ikalia.

Jioni nikapita Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kumwamkia nyanya. Nilimkuta uani kakalia mbuzi ya nazi bila kukuna nazi, miguu kainyosha, beseni la plastiki mbele yake. Ndani ya beseni mlikuwa na pweza wa kilo mbili hivi, kaletewa na mvuvi wake wa siku zote. Nikamsimulia kisa cha darasani nikitaraji acheke. Hakucheka.

"Utosini?"

"Ndiyo, nyanya."

"Pweza yuwenda haja utosini, kama nyangumi apuliza maji?" Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki aliyempunja. "Ndoo hapa. Vua saa hiyo."

Nikavua saa.

Kile ambacho sote twakiita kichwa cha pweza si kichwa. Ni mfuko wa nyama, na ndimo matumbo yalimo. Kichwa chenyewe ni ile sehemu nyembamba yenye macho, iliyobanwa kati ya mfuko na mikono. Hilo nilikuwa nalijua kwa maneno, jinsi mtu anavyojua jina la mtaa ambao hajawahi kuufika. Nyanya alipitisha vidole viwili kwenye mdomo wa mfuko, akakata utando unaoyashikilia matumbo, kisha akaugeuza mfuko wote nje ndani kama mtu ageuzavyo foronya. Mambo yakawa peupe. Palikuwa na donge kubwa la rangi ya udongo, lile ambalo wapishi wanaliita ini, ingawa kazi yake ni zaidi ya ini: ndilo litoalo maji ya kusagia chakula na ndilo liwekalo akiba. Palikuwa na kifuko kidogo kilichong'aa kama fedha iliyochafuka, cha wino. Na palikuwa na utumbo wenyewe, mwembamba kuliko nilivyodhani, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

"Fuata," nyanya akasema, na ncha ya kisu.

Nikaufuata kwa macho. Ulishuka kutoka kichwani hadi ndani ya mfuko, ukafika kwenye tumbo na kifuko kingine kilichojiviringa mfano wa konokono, halafu badala ya kuendelea mbele ukageuka. Ukarudi ulikotoka. Ukapanda juu sambamba na njia uliyoshukia, ukaishia mlangoni mwa mfuko, hatua chache tu kutoka shingoni, karibu na ule mrija ambao pweza anapulizia maji anapotaka kukimbia. Na mfereji wa wino nao ukamalizikia papo hapo.

"Ndo hapa. Wino na choo, mlango mmoja," akasema. "Apiga maji, vyatoka vyote. Nani atanya kitandani mwake?"

Kisu kikateleza, kifuko cha wino kikapasuka, na kidole changu cha shahada kikawa cheusi mpaka siku ya pili. Shahada ambayo, kwa taarifa yenu, mkopo wake bado naulipa.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalonisumbua kila nikijaribu kulieleza somo hili kwa Kiswahili. Tundu ambalo chakula hutokea lina jina, na jina hilo limo kwenye kamusi na katika vitabu vya sayansi. Lakini lisome kwa sauti kwenye baraza ya Mji wa Kale uone watu watakavyokuangalia. Kwa hiyo humu nitasema tundu la haja, na msomaji aliye mkali wa istilahi anisamehe. Lugha yetu ina utajiri mwingine upande huo. Kuna utumbo, kuna uchengelele, kuna puru, na kuna chango, neno ninalolipenda kuliko yote maana lina kazi mbili kwa wakati mmoja: chango ni utumbo mwembamba, na chango ni mnyoo aishiye humo. Mpangaji na nyumba jina moja. Sijui lugha nyingine yenye kufanya hivyo, na kila ninapomfikiria mnyoo naona wazee hawakukosea.

Nirudi kwa pweza, sijammaliza. Nyanya alipobinya pale katikati ya mikono, mdomo ukachomoza kama jino: mweusi, mgumu, umepinda kama wa kasuku. Ndani yake mna ulimi uliojaa meno madogo madogo yaliyopangwa safu kwa safu. Sikuwa na haja ya kutafuta mfano, nyanya alikuwa ameukalia. Ni mbuzi ya nazi, tofauti ni kwamba ya pweza inakuna nyama ya kaa. Konokono naye anayo, na ukimweka kwenye kioo cha dirisha usiku wa mvua ukamtazama upande wa pili, utaiona ikija na kurudi. Pweza humwuma kaa, humtia mate yenye sumu, mate hayo huanza kuilainisha nyama ikiwa bado ndani ya gamba, kisha huivuta kidogo kidogo. Hamezi pande kubwa. Hawezi. Umio wake unapita katikati ya ubongo.

Sisemi karibu na ubongo, nasema katikati. Ubongo wa pweza umekaa kama kata ile wanawake wanayoitia kichwani wakibeba mtungi, na tundu la kata ndilo njia ya chakula. Kila tonge la kaa linapita humo. Nilipolisoma hili usiku ule, baada ya kufungua vitabu nilivyotakiwa kuvifungua miaka sita nyuma, nilikaa kimya muda. Sisi twapenda kudhani ubongo ndiye bwana wa nyumba, na tumbo ni mtumishi aliyepewa chumba cha chini. Kwa pweza, mnyama mwerevu kuliko wote wasio na uti wa mgongo, mwenye mioyo mitatu na damu ya buluu, ubongo umejengwa kuzunguka koo. Njia ya chakula ilikuwepo kwanza. Akili ikaja kutafuta pa kukaa.

Tangu siku hiyo nina ugonjwa. Kiumbe yeyote asiye na uti wa mgongo akinijia mkononi, kabla ya jina nataka kujua utumbo wake umepitia wapi.

Mke wangu akimenya kamba wa kupika na wali, mimi naulizwa kwa nini nimesimama jikoni. Nimesimama kwa sababu ya ule uzi mweusi wa mgongoni, ambao tunauvuta kwa kijiti na kuuita mchanga. Si mshipa, ni utumbo, na weusi wake ni chakula cha mwisho alichokula. Ukimpindua kamba huyohuyo utaona uzi mwingine mweupe upande wa tumboni. Huo ndio wa fahamu. Kwetu sisi mambo ni kinyume: uti wa fahamu uko mgongoni, matumbo mbele. Kamba na nyungunyungu na mende, wote hao wameupanga mwili kana kwamba mtu alilala chali halafu akaamua kutembea hivyo hivyo. Ndiyo maana ukimpasua nyungunyungu unaanzia mgongoni. Ukianzia tumboni unakata uzi wa fahamu kabla hujaona kitu.

Nimewapasua wengi. Maabara ya shule yetu ina trei tatu za nta, zilizotobolewa na pini za miaka mpaka zinafanana na mkate wa mofa. Nyungunyungu tunawachimba nyuma ya matangi ya maji baada ya mvua ya Mei. Ukimfungua vizuri, bila kukata kwa kina (ukikata kwa kina udongo unamwagika na somo limekwisha), unakuta mpangilio nadhifu kuliko wa mnyama mwingine yeyote ninayemjua: koo lenye misuli la kunyonyea udongo, kifuko cha kuuweka, halafu firigisi. Ndiyo, firigisi, kama ya kuku, yenye kuta nene, na ndani yake chembe za mchanga zikifanya kazi ya meno. Wanafunzi hufurahi sana hapo. Kila mtoto wa Mombasa amegombania firigisi na ndugu yake siku ya Idi.

Baada ya firigisi ni utumbo mmoja mrefu mpaka mwisho wa mwili. Ukiukata kipande ukautazama kwa mbele, hauoni duara tupu kama bomba. Dari lake limekunjwa kuelekea ndani, kunjo moja linalokwenda na urefu wa utumbo, kama mtu aliyeingiza ncha ya leso ndani ya bangili. Kunjo hilo linaongeza mahali pa kunyonyea chakula bila kuurefusha mwili. Charles Darwin aliwatazama viumbe hawa miaka mingi, na mwaka 1881, mwaka mmoja kabla hajafa, akaandika kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo unaopita matumboni mwao ni zaidi ya tani 10 kwa ekari kila mwaka. Wanafunzi hawaniamini mpaka niwapeleke nje tukaangalie vile vidonge vya udongo vilivyorundikana penye majani.

Sasa mnyoo. Nimekuwa nikimzunguka, maana huyu nina kumbukumbu naye.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, tukikaa Majengo, na binamu yangu mdogo alikuwa akisaga meno usiku na tumbo limemtoka kama ngoma. Mama akasema ni chango. Akapewa maji ya muarobaini asubuhi tatu mfululizo, akilia, akishikwa pua. Hakuna kilichotoka. Akapelekwa zahanati, akapewa dawa, na kesho yake asubuhi tukaitwa sote uani kutazama, kwani zama hizo hapakuwa na cha siri. Alikuwa mrefu kama rula ya shule, mweupe mwenye wekundu wa mbali, amechongoka ncha zote mbili kama penseli iliyochongwa huku na huku. Alikuwa akitikisika bado. Nilijiuliza jambo moja tu: mdomo uko upande gani?

Jibu nililipata chuoni, kwenye sahani ya maabara yenye mnyoo aliyehifadhiwa. Mdomo una midomo mitatu midogo iliyokutana, inaonekana kwa hadubini ndogo. Ukimpasua, unategemea kuona matumbo yamejisokota. Hamna. Utumbo wake ni utepe mmoja bapa, umenyooka kutoka ncha hii hadi ncha ile, ukuta wake ni safu moja tu ya seli, na hauna misuli yake wenyewe. Nafasi yote iliyobaki imejaa nyuzi nyeupe zilizojizungusha kama tambi sahanini, na nyuzi hizo si utumbo, ni uzazi. Jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Mtu ambaye chakula chake hakimkimbii, na ambacho kimeshasagwa na mwenye nyumba, hana haja ya matumbo marefu. Nafasi ameitumia kwa watoto.

Lakini utumbo usio na misuli unasukumaje chakula? Mwili wa mnyoo umejaa maji yaliyobanwa kwa nguvu, kama gurudumu lililojazwa upepo. Hayo maji ndiyo yanayomfanya awe mkakamavu. Hayohayo yanaubana ule utepe ubaki bapa. Kwa hiyo koo lake ni pampu: linanyonya na kusukuma chakula kwa nguvu kuliko ule mbano. Na upande wa pili kazi ni kinyume cha yetu. Sisi tuna msuli wa kufunga. Yeye ana msuli wa kufungua. Tundu la haja limefungwa na mbano wenyewe, msuli ukilivuta kidogo tu, yaliyomo yanatoka kwa kishindo.

Dawa tunazowapa watoto zinamshambulia hapohapo. Mnyoo akipata albendazoli, seli za utumbo wake zinavurugika, hawezi tena kunyonya sukari, na anakufa njaa katikati ya chakula. Mwaka 2012 hapa Kenya ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto wa shule dawa hizo, na Pwani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolengwa. Siku ya dawa hapa shule jirani ya msingi utawasikia watoto wakihadithiana minyoo kama wavuvi wanavyohadithiana samaki, kila mmoja wa kwake alikuwa mrefu zaidi.

Na safari yake! Yai linamezwa, kiluwiluwi kinatoka humo utumboni, na badala ya kutulia mahali penye kila kitu kinatoboa ukuta, kinaingia kwenye damu, kinapita ini, kinafika mapafuni, kinapanda mpaka kooni, mtoto anakohoa na kukimeza tena. Kimetoka utumboni ili kirudi utumboni. Nilipomwelezea nyanya alisema huyo ni kama mtu wa Likoni aendae Nyali kwa njia ya Mombasa-Malindi-Mombasa.

Tegu ni hadithi nyingine na nitaifupisha, kwa kuwa kitu cha kusimulia kuhusu utumbo wake ni kwamba hana. Tegu wa nyama ya ng'ombe isiyoiva anaweza kufika mita kadhaa, na katika mita zote hizo hamna mdomo, hamna tumbo, hamna tundu la haja. Kichwa kina vinyonyeo vya kushikia tu. Ngozi yake yote, kwa karibu sana, imejaa vinywele vidogo kupita kiasi, vinavyofanana na vile vilivyoko ndani ya uchengelele wetu, na chakula kinapitia hapo. Ni utumbo uliogeuzwa nje, kama foronya ya nyanya.

Kati ya tegu asiye na tundu na nyungunyungu mwenye mawili wapo wa tundu moja. Yavuyavu ni mmoja wao, wale wanaotuchomachoma tukienda kuoga. Minyoo bapa wengi nao ni hivyo hivyo. Kinachoingia na kinachotoka ni mlango mmoja. Darasani naeleza kwa matatu. Matatu ina mlango mmoja: wanaoshuka Mwembe Tayari lazima washuke kwanza, wanaopanda wangoje, kondakta anapiga kelele, na kuna mmoja daima anayelazimisha. Feri ya Likoni ina milango miwili, mbele na nyuma. Magari yanaingilia huku yanatokea kule, hakuna anayerudi nyuma. Mnyama mwenye milango miwili anaweza kula huku anasaga cha jana, na kila sehemu ya njia ikapewa kazi yake, hapa kusaga, pale kunyonya, kule kukausha. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: na feri ikiharibika? Nikamwambia hiyo inaitwa kufunga choo, tukaendelea na somo.

Ila usidhani anayetegemea zaidi mlango mmoja ni mnyonge. Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano kama nyota, aina zake kadhaa hawasubiri chakula kiingie. Humkumbatia kome, humvuta maganda mpaka upenyo mdogo utokee, kisha hulitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni na kuliingiza ndani ya nyumba ya kome. Anamsaga humo humo kwake, halafu analirudisha tumbo. (Tundu la haja analo, dogo la mgongoni, lakini kazi yake si kubwa.)

Na kome mwenyewe ana lake. Nilipopata ugonjwa huu wa matumbo nilinunua kome wachache, nikakaa nao jikoni na wembe na taa ya simu. Kome na jamii yake yote ya maganda mawili hawana ulimi wa mbuzi, na wengi wao wanachuja maji. Tumboni mwao mna kijiti laini, kinachoonyesha upande wa pili kama kioo, kinachozunguka chenyewe mchana na usiku, kikisukumwa na vinywele vidogo, kikisugua ukuta na kuyeyuka polepole ili kitoe maji ya kusagia. Mchi na kinu ndani ya mnyama asiyefika kiganja. Nilikiona kwa sekunde chache kabla hakijaniyeyukia kwenye kidole. Halafu nikaufuata utumbo kuelekea nyuma, na nilipofika kwenye moyo nikadhani nimekosea mahali. Utumbo unaingia moyoni. Unapenya upande huu wa moyo na kutokea upande wa pili, na moyo unadunda ukiwa umeuzunguka. Nikaenda kusoma, nikakuta ndivyo ilivyo.

Pweza, chakula kinapita kwenye ubongo. Kome, haja inapita moyoni. Na hao wawili ni wa ukoo mmoja. Mtu akiniambia tena kwamba fulani "anaongea utumbo", nitamwuliza utumbo wa nani.

Kuna jamaa mwingine wa kome ambaye watu wa majahazi wanamjua kwa hasara. Ni mrefu kama mnyoo, na maganda yake mawili yamebaki madogo mbele kama msasa wa kutobolea mbao. Anakula chombo. Ana mfuko mkubwa tumboni wa kuhifadhi unga wa mbao, na maji ya kuuyeyusha hayatengenezi yote mwenyewe, mengine yanatoka kwa bakteria waliokaa kwenye mashavu yake ya kupumulia. Babu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya kukalafati vyombo, na vikipandishwa pwani alivipaka deheni chini, chokaa na mafuta yenye harufu iliyobaki kwenye nguo zake mpaka Ijumaa. Nilikuwa nikidhani deheni ni ya kuzuia maji tu. Kumbe ilikuwa pia vita dhidi ya tumbo la mtu.

Wa mwisho ninayetaka kumsema ni jongoo bahari. Bamvua moja, maji yamekupwa mpaka mwamba wa Nyali umeachwa wazi, niliwapeleka wanafunzi wanane kutembea. Nikawaambia tuangalie tusikanyage, tusiokote, tutazame. Kijana mmoja, wa kutosikia, akamwinua jongoo mweusi, na jongoo akamtolea nyuma nyuzi nyeupe zilizomganda mikononi kama gundi ya kiatu. Wenzake wakapiga kelele, "Matumbo! Ametoa matumbo!" Hayakuwa matumbo. Ni nyuzi maalumu za kujikinga, ambazo baadhi ya aina huzirusha zikichokozwa, na zinanata hata adui akanasa. Ila aina nyingine hutoa matumbo kweli. Wakibanwa sana huutapika utumbo wote, kwa mbele au kwa nyuma kutegemea aina, wakajiondokea watupu, kisha wiki kadhaa baadaye utumbo mpya umeota. Anachokula ni mchanga: anaumeza, anaukamua uchafu wenye lishe, anauacha nyuma msafi kidogo kuliko alivyoukuta. Na tundu la haja analitumia kupumulia, maji yanaingia na kutoka hapo kwenda kwenye matawi ya mapafu ya maji yaliyomo ndani. Baadhi yao wamepangisha hata samaki mwembamba humo, anayeingia kinyumenyume akijificha.

Kijana alikuwa bado anajichubua gundi kwa mchanga nilipomwambia kwamba, kwa hesabu za ukoo, jongoo bahari ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza. Mtoto akiwa bado mpira mdogo wa seli, tundu la kwanza linalofunguka kwa jongoo, na kwa jumla kwa ukoo wetu sisi pia, ndilo litakalokuwa la haja. Mdomo unakuja baadaye. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, kwa hiyo sisi tulianza kwa…"

"Ndiyo."

"Usimwambie mamangu."

Wiki moja baada ya aibu yangu ya ubaoni nilirudi darasani nikafuta utosi wa pweza mbele yao, nikachora upya njia inayogeuka. Yule msichana wa dirishani akauliza kwa nini inageuka. Nikamwambia mababu wa pweza waliishi ndani ya gamba, nyumba ya mlango mmoja, na mtu wa nyumba ya mlango mmoja lazima choo chake kiwe karibu na mlango. Konokono naye vivyo hivyo, tena yeye akiwa mchanga kabisa mwili wake hujinyonga nusu duara mpaka tundu la haja likaja juu ya kichwa. Akasema hiyo si nyumba nzuri. Nikamwambia pweza naye aliona hivyo, akahama, lakini mabomba akayaacha yalivyo.

Nilitaka niwaonyeshe kwa macho. Ijumaa iliyofuata nikaenda Kibokoni na chupa ya spiriti mfukoni, nyanya akampasua pweza mwingine, na safari hii sikugusa kifuko cha wino. Nikautoa utumbo mzima, kutoka kwenye kile kifuko kilichojiviringa mpaka mwisho wake, nikauweka juu ya kipande cha gazeti pembeni ya beseni, nikaingia ndani kutafuta chupa safi. Niliporudi gazeti lilikuwepo. Juu ya ngazi ya jirani alikuwapo yule paka wa chungwa aliyekatika sikio, masharubu yamegeuka meusi, akijiramba bila haraka.

Nyanya hata hakuinua kichwa. "Sasa uko kwake," alisema, akaendelea kumpiga pweza kwenye jiwe.